Marando Aliyonyimwa Milembe

Kwandu alishuka kwenye lori pale njia panda, akajitwika mzigo wake, akashika njia ya lambo badala ya ile ya nyumbani. Siku sita alikuwa Mwanhuzi kwenye msiba wa shangazi yake, na siku zote sita, hata wenzake walipokuwa wakilia, yeye alikuwa anawaza marando. Marando ni yale mashina ya viazi vitamu yanayotambaa chini. Anayetaka viazi mwaka ujao hahifadhi kiazi, anahifadhi rando. Analikata vipande, anakizika kila kipande kwenye tuta, kipande kinatoa mizizi, basi. Lakini upande ule wa Bariadi kiangazi kikikaza kinakausha mpaka ulimi wa mbwa, na rando halifiki siku ya mvua kama halijawekwa penye unyevu, na mtu wa kulimwagia maji asubuhi na jioni. Mwaka ule ndiyo kabisa. Vuli iliyotangulia ilikuwa imekatika, na marando ya watu wengi yalikuwa yamekauka huku na huku, lakini kitalu cha Kwandu kilikuwa bado kijani ubavuni mwa lambo, kipana kama mikeka minne.

Alipofika akakuta majivu.

Kitalu chote kilikuwa cheusi, kimefagiwa, kimepigwa jembe, na katikati pamechomekwa kijiti chenye karatasi: SHAMBA SAFI. Mwandiko aliutambua. Ulikuwa wa mumewe, Yakobo.

"Yesu wangu," alisema Kwandu, akautua mzigo. Akapiga magoti, akafukua kwa mikono, hapa na pale, mpaka kucha zikajaa udongo. Hakukuwa na kitu. Yakobo hakuwa mtu wa kufanya kazi nusu. Alikuwa ameng'oa kwanza, ndipo akachoma.

Ili mtu aelewe kwa nini mama wa miaka hamsini na tano alikaa chini pale akashindwa hata kutukana, inabidi arudi nyuma kidogo. Kwandu binti Bundala aliolewa kutoka Lalago, miaka thelathini na moja kabla ya siku hiyo. Mama yake hakuwa na cha kumpa. Ng'ombe wa mahari walikuwa wa baba na wajomba. Alichofanya mama ni kukata vipande ishirini vya marando, akavifunga kwenye gunia lililoloweshwa, akamwambia binti yake, "Vyungu vitavunjika, kanga zitachakaa. Hivi ukivipa maji utakuwa navyo mpaka uzeeke." Kiazi chenyewe kilikuwa na ngozi nyekundu na nyama nyeupe kama unga, na kilikuwa na alama yake: kitakoni kilikuwa na baka jeupe, kila kimoja. Mama alikuwa anasema kimekalia unga.

Mama alikufa Kwandu akiwa na mtoto wa pili. Nyumba ya Lalago ikaanguka, shamba likachukuliwa. Ikabaki ile numbu, kama Wasukuma wanavyokiita kiazi, na kila mwaka Kwandu alipoivuta ardhini na kuona kitako cheupe, alicheka peke yake. Watu wa kijiji wakaipenda kwa sababu michembe yake, yaani vipande vyake vilivyokatwa na kuanikwa juani, ilikaa hadi mwaka bila kutobolewa na wadudu. Wakaja kuomba marando. Kwandu akatoa. Hakuuza hata siku moja, maana kwao Lalago mbegu ya kuomba haikuuzwa, na tena ilikuwa na mwiko wake: anayepewa hashukuru. Unaweka kichwani unaondoka kimya. Ukishukuru, ati rando linadhani limemaliza kazi, linakufa.

Na hapo ndipo alipogombana na wifi yake Milembe, dada wa Yakobo. Milembe alikuwa ameokoka mwaka mmoja kabla ya ugomvi huo, na huko kanisani kwao walikuwa wamefundishwa kushukuru kwa kila jambo. Alipopewa mzigo wake wa marando akasimama katikati ya matuta, akanyoosha mikono juu, akapaza sauti, "Wabeja, wifi! Wabeja sana! Bwana akubariki!" Kijiji kizima kikasikia. Mwaka huo mvua ikazidi, viazi vya mbugani vikaoza, vya Milembe na vya Kwandu vyote. Kwandu akasema ni ile wabeja. Milembe akasema ni maji. Alipokuja tena kuomba, Kwandu alimjibu mbele ya watu, "Wewe marando yangu huyaoni tena. Kaombe kanisani." Miaka minne wakawa wanasalimiana kwa kichwa.

Basi Kwandu akanyanyuka pale kwenye majivu, akaenda nyumbani.

Yakobo alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, amevaa kofia yake mpya ya kijani. Kofia ile ilikuwa na historia. Yakobo alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika kwa miaka ishirini. Lilipokuja soko huria, wanunuzi wa pamba wakaja kila mmoja na mizani yake na turubai lake, chama kikalala, na Yakobo akabaki nyumbani na funguo za ghala lenye popo. Mwanamume aliyezoea kuandika barua kila asubuhi akawa anawapangia kuku mahali pa kulala. Kisha mnunuzi mmoja akampa kofia na kazi isiyo na mshahara: kuhakikisha kila mkulima ameng'oa na kuchoma maotea, yaani visiki vya pamba ya mwaka uliopita vinavyochipua tena na kufuga wadudu. Kijiji kisichosafisha hakitaletewa mbegu. Tangu siku hiyo Yakobo hakuweza kuona mmea wa mwaka jana ukiwa umesimama.

"Mwadila, Ng'wana Bundala," alimsalimia Yakobo. "Poleni na msiba. Watu wa Mwanhuzi hawajambo?"

"Baba Anyesi, kitalu changu kiko wapi?"

"Nimekisafisha."

"Umekisafisha."

"Kulikuwa na maotea ndani yake. Visiki tisa! Nimewahesabia watu visiki viwili viwili nikawagombeza, halafu kwa mke wangu mwenyewe kuna tisa. Ningeuficha wapi uso?"

Kwandu alifumba macho. Visiki alikuwa ameviacha yeye mwenyewe. Aliviacha makusudi, viyapatie marando kivuli, kwa sababu uzio wa miiba ulikuwa umeliwa na mchwa na Yakobo alikuwa ameombwa mara tatu autengeneze. Hilo likamkera zaidi. Ingekuwa kosa lote ni la mumewe angalau angelia kwa raha.

"Pamba ungeing'oa ukaacha marando!"

"Yalikuwa yamejisokota kwenye visiki. Na yenyewe si ya mwaka jana? Si ya mwaka juzi? Mama, wadudu hulala kwenye mmea wa zamani. Wewe unapanda kitu kilekile tangu tuoane, na mimi nakwambia kimechoka. Pamba tunaletewa mbegu mpya kila msimu. Viazi ni nini hata visibadilishwe?"

"Vua hiyo kofia."

"Kwa nini?"

"Naongea na mume wangu, siongei na kampuni."

Yakobo akaivua, akaishika magotini. Bila kofia alionekana mzee. Akasema kwa sauti ya chini, "Tutaomba kwa watu. Si umewagawia wote?"

Hilo lilikuwa kweli, na kesho yake alfajiri Kwandu akaanza kuzunguka.

Alianza kwa Wilhelmina, aliyekuwa amechukua marando kwake mara sita. "Mwangaluka, mayu," Wilhelmina alimwamkia kwa furaha. "Umekuja wakati mzuri, mimi mwenyewe nilikuwa nakuja kwako mvua ikikaribia."

"Kufuata nini?"

"Marando, mayu. Yangu yalikauka mwezi wa saba."

"Ulikuwa na kisima mlangoni."

"Nilikuwa nacho, lakini nilijua wewe utakuwa nayo."

Kwa Salu, marando yalikuwa yameliwa na mbuzi. Kwandu akauliza mbuzi waliingiaje. Salu akasema hawakuingia, aliwapelekea mwenyewe, nyasi zilikuwa zimekwisha. "Nikasema si yapo kwa Kwandu."

"Kwa Kwandu, kwa Kwandu! Mimi ni ghala la serikali?"

"Usikasirike, mayu. Ndivyo tulivyozoea."

Kwa Joakim hali ilikuwa mbaya kuliko zote, maana Joakim alikuwa nayo. Kitalu cha kijani, kimezungushiwa miiba. Kwandu akakikimbilia. Alipoinama akaona majani yamekunjamana kama ngozi iliyoungua moto, madogo, yenye madoa ya njano.

"Hii si yangu," alisema.

"Yako niliing'oa," alisema Joakim kwa fahari. "Hii ni mbegu ya kisasa. Nimenunua mnadani Bariadi, kwa kijana mmoja anakuja na baiskeli. Imetoka mbali sana, hata jina lake hakuweza kulitamka."

"Joakim, hii inaumwa."

"Imechoka na safari tu. Nikiikata vipande nikapanda upya itaanza upya."

Kwandu alimtazama yule mwanamume mzima, mwenye watoto saba na ndevu, akageuka. Akarudi nyumbani jua likiwa utosini, miguu imejaa vumbi, na kila alipopita mtu alimwambia, "Mayu Kwandu, utatukumbuka mvua ikinyesha!"

Binti yake Anyesi, mwalimu wa sayansi wa darasa la sita pale shuleni, alikuwa amekuja kula mchana. Alikuta mama anapiga jungu kwa mwiko kana kwamba jungu ndilo lililochoma kitalu, na baba ameketi mbali, kofia chini ya kigoda.

"Mwambie baba yako," alisema Kwandu. "Mimi nimechoka. Mwambie kwa nini kiazi si pamba. Umesomea."

Anyesi alikaa. Alikuwa mwalimu wa kweli, hakuweza kuona mtu hajui akanyamaza.

"Baba, pamba inatoa ua, sivyo? Ua likipata chavua, ndipo tunda linafunga, ndani kuna mbegu. Mbegu hiyo ni mtoto. Ana baba na ana mama, amechukua huku na huku, anaweza asifanane na yeyote. Ndiyo maana pamba ikichanganyika wanaleta nyingine. Lakini rando si mtoto. Rando ni mama mwenyewe amekatwa mkono, na mkono ukaota mwili."

"Mkono hauoti mwili," alisema Yakobo.

"Wako hauoti. Wa kiazi unaota. Mmea umejengwa na seli, vitu vidogo havionekani kwa macho, vimepangana kama matofali. Pale kwenye kifundo cha rando kuna seli ambazo hazijaacha ujana. Ukikifukia kifundo kwenye udongo wenye maji zinaanza kujigawa. Moja inakuwa mbili, mbili nne, nyingine zinakuwa mzizi, nyingine jani."

"Zikijigawa si zinapungua? Ukigawa ugali, kila mtu anapata kidogo."

"Zinakula kwanza zinakua, baba. Halafu, sikiliza, kila seli ndani yake ina maandishi ya mmea wote. Rangi ya ngozi, umbo la jani, kila kitu. Kabla haijajigawa inayanakili maandishi yote, neno kwa neno. Inayapanga mstari katikati. Inayavuta, nakala moja upande huu na nyingine upande ule. Ndipo inajibana kiunoni, inaweka ukuta. Zinakuwa seli mbili na hakuna mkubwa wala mdogo."

Yakobo akainua kichwa. Hapo mazungumzo yalikuwa yamefika kwake. "Kama barua na karatasi ya kaboni."

"Kama kaboni."

"Lakini nakala ya nne huwa haisomeki," alisema karani. "Nimeandika miaka ishirini. Ya kwanza safi, ya pili nzuri, ya tatu unakisia, ya nne ni ukungu. Kwa hiyo ya mama yenu baada ya miaka thelathini lazima imefifia."

"Kaboni yako inapitisha wino juu juu. Seli inaandika upya yote, kila mara. Makosa yanatokea, hasemi mtu kwamba hayatokei, lakini ni machache, na kosa likitokea nalo linanakiliwa. Kile kitako cheupe huenda kilikuwa kosa la herufi moja, zamani, kabla bibi hajazaliwa. Ndiyo maana vyote vinacho. Na ukikata kipande cha mmea mgonjwa, kama ule wa Joakim, umekata na ugonjwa wake."

Kwandu alikuwa ameacha kupiga jungu. "Kwa hiyo ile niliyokuwa nayo kwenye lambo," alisema polepole, "ndiyo ileile aliyoishika mama."

"Ndiyo ileile, mama. Si ukoo wake. Ni yenyewe."

"Na baba yako ameichoma."

Yakobo alitazama mikono yake.

"Kama kuna kipande kimoja popote," alisema Anyesi, "chenye kifundo kimoja kizima, basi haijaisha."

"Hakuna! Nimezunguka kijiji chote!"

Anyesi akaanza kuchora chini kwa kidole. "Si chote."

"Wapi sijafika?"

"Kwa shangazi."

Kwandu akaweka mwiko chini. "Milembe sikumpa."

"Najua hukumpa. Anayo. Nimekula huko tangu mwaka juzi."

"Umekula! Viazi vyangu! Kwa Milembe! Ukanyamaza!"

"Ningesema ungefanya nini?"

Hakuna mwalimu anayepaswa kumwuliza mama yake swali la namna hiyo. Kwandu akachukua gunia, akalichovya kwenye ndoo, akatoka linachuruzika.

Milembe alikuwa nyuma ya nyumba anasugua sufuria kwa mchanga. Pale nyuma palikuwa na bafu la mabua, na maji yote ya kuogea na ya kuoshea vyombo yalitiririka kwenye kishimo, na kandokando ya kishimo, jamani, yalikuwa yametanda marando ya kijani kibichi, manene, majani makubwa kama viganja. Kwandu alisimama akayatazama mpaka akasahau salamu.

"Mwadila, wifi," alisema Milembe bila kuinuka. "Au kwenu jua halijatoka?"

"Haya umeiba wapi?"

"Aa! Mtu anakuja na gunia la maji halafu anatukana. Sikuiba. Kila mwaka unapunguza kitalu chako, mashina yaliyozeeka unayarusha nje ya uzio. Niliokota matatu njiani, mbuzi walikuwa wameshayatembelea. Moja lilikuwa na kifundo kizima. Kilichotupwa kina mwenyewe?"

"Si yangu haya. Yangu majani yake hayawi makubwa hivi."

"Yako hayanywi maji ya sabuni."

Milembe akashika kijiti, akachimba pembeni, akatoa kiazi kidogo kama ngumi ya mtoto. Akakisuuza kwenye ndoo, akakigeuza. Ngozi nyekundu. Kitakoni, baka jeupe.

Kwandu alikipokea. Alitaka kucheka kama kawaida yake, lakini kilichotoka hakikuwa kicheko, akajifuta kwa upindo wa kanga. Milembe akaangalia sufuria lake mpaka yule mwenzake alipomaliza.

"Nimesikia ya kaka yangu na kofia," alisema Milembe. "Nilikuwa nakusubiri. Nilisema atapita kwa wote kwanza, mimi atanifikia wa mwisho. Umechelewa hata hivyo, nilidhani utafika asubuhi."

"Nikatie ishirini."

Milembe akachukua kisu. Akakata vipande ishirini, kimoja kimoja, kila kimoja na vifundo vyake vinne, akavilaza kwenye gunia. Kwandu alipoinama kulichukua, Milembe akalikanyaga kwa mguu.

"Sema."

"Niseme nini?"

"Unajua. Ulinifedhehesha mbele ya watu kwa neno moja. Nalitaka."

"Milembe, ni mbegu! Nikisema yatakufa!"

"Haya mimi nimeyashukuru kila siku nikiyamwagia maji. Kila siku, wifi, miaka mitatu, kwa sauti. Unayaona yamekufa?"

Kwandu aliyaona. Alimwona pia Milembe, mguu wake wenye mpasuko wa kisigino umekanyaga gunia, amekaza taya kama kaka yake. Mtu anaweza kuchoshwa na mume, na majirani, na mbuzi, na kijana wa baiskeli, na hata na binti yake, lakini aliyemchosha Kwandu saa ile alikuwa Kwandu mwenyewe, maana Milembe angeutii mdomo wake ule wa miaka minne iliyopita, haya yasingekuwapo. Akageuza uso upande wa bafu.

"Wabeja," alisema.

"Sikusikia."

"Umesikia! Toa mguu!"

Milembe akatoa mguu, anacheka mpaka anashika mbavu. Kwandu akajitwika gunia, maji yanamtiririka mgongoni, akaondoka haraka kabla hajacheka na yeye.

Yakobo alikuwa ameshakata miiba. Alizungusha uzio siku ileile, mara mbili, wa ndani na wa nje, kichwa wazi. Kwandu alipanda, akamwagia maji, na asubuhi ya kumi na mbili akakagua. Vipande kumi na tisa vilikuwa vimechipua pale pale kwenye vifundo, vijani vidogo vyekundu vimekunjwa kama ngumi. Kimoja kilikuwa kimekauka.

Akakichomoa, akakipeleka mpaka kwa wifi yake, akakiweka juu ya jiwe la kufulia.

"Ndiyo wabeja yako hiyo," alisema.

Milembe akakigeuza. "Kimoja kwa ishirini," alisema. "Ungesema kwa sauti kingepona."